Mtoto Asiyehesabiwa: Katika Njia ya Zamani ya Ugogo

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora karne ya 19 ilihesabu kila kitu. Doti za merikani na kaniki zilihesabiwa, marobota yalihesabiwa, ushanga ulipimwa, na kila mtemi wa Ugogo aliyedai hongo aliandikiwa kiasi chake. Richard Burton alipita 1857 na Henry Morton Stanley akapita 1871, na wote wawili waliandika kwa kirefu juu ya hongo ya Ugogo. Baadaye Wajerumani wakaja na daftari la kodi, idadi ya ng'ombe na idadi ya wapagazi. Waingereza nao wakaandika ripoti za wilaya zenye tarehe za mvua na magunia ya nafaka.

Nimeifuata njia hiyo kutoka Mpwapwa hadi Kilimatinde, vitabu vya hao wote vikiwa mkobani, nikimtafuta mtu mmoja: mtoto anayenyonya, mwaka wa njaa. Ng'ombe wake wamo. Baba yake yumo, kama mlipa kodi au mpagazi. Hata ghala la nafaka la nyumbani kwao limo. Yeye hayumo.

Namtafuta kwa sababu Ugogo imejaa kumbukumbu za njaa, na katika kila njaa yeye ndiye aliyeumia akiwa hana namna ya kujitetea. Mtu mzima akikosa chakula huenda kuhemea, hata kama ni mwendo wa siku tatu. Mtoto wa miaka minane huokota ubuyu na matunda ya porini. Mtoto wa mwaka mmoja hungoja aletewe.

Ukitoka Mpwapwa kuelekea magharibi unavuka nyika ya Marenga Mkali, iliyokuwa ikiogopwa na wapagazi kwa uchungu wa maji yake, ndipo unaingia Ugogo. Hapa mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ikikata Februari wakati mtama uko magotini, mwaka umeharibika. Wagogo walilijua hilo zamani, ndiyo maana walilima uwele na mtama vinavyostahimili kiangazi, wakaweka akiba ya nafaka, wakakausha mlenda, na juu ya yote wakafuga. Ng'ombe walikuwa benki, na pia walikuwa chakula cha mtoto. Mtoto wa miezi kumi alikuzwa na vitu vitatu: titi la mama, uji wa uwele, na maziwa.

Ndiyo maana sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 naiweka katika orodha ya maafa yaliyompiga mtoto moja kwa moja, ingawa vitabu huieleza kama msiba wa wafugaji. Ugonjwa ule ulifagia ng'ombe Afrika Mashariki yote. Mzee aliyepoteza zizi alipoteza utajiri na heshima. Mjukuu wake alipoteza kikombe cha jioni. Na hata bila sotoka, ukame wa kawaida hufanya kazi ileile polepole. Majani yakikauka, vijana huwaswaga ng'ombe kwenda malisho ya mbali, siku nyingi kutoka nyumbani, na maziwa huondoka pamoja nao. Mama na mtoto hubaki kijijini na uji wa maji matupu. Anayehesabu mifugo ya kaya hiyo ataandika kwamba ng'ombe bado wapo. Ni kweli wapo, lakini yule mdogo hawaoni.

Halafu ikaja njaa ya Mtunya.

Reli ya kati ilikuwa imefika Dodoma 1910, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, reli hiyo ikaifanya Ugogo kuwa ghala la majeshi. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza waliiteka Dodoma mwezi Julai 1916, nao wakachukua walichokikuta. Kwa hiyo mvua zilipokosekana, ukame uliikuta nchi ambayo akiba yake ilikwishaliwa na askari, na vijana wake wa kulima walikuwa wamepelekwa kubeba mizigo, wengi wao wasirudi. Njaa ilidumu kati ya 1917 na 1920, na katikati yake yakapita mafua makubwa yaliyozunguka dunia nzima. Ofisa wa Kiingereza wa Dodoma alikadiria kwamba watu 30,000 walikufa katika wilaya yenye watu 150,000. Ni mmoja kwa kila watano.

Kadirio hilo ni la watu kwa jumla. Watoto wamo ndani yake bila kutajwa, kama wapagazi walivyomo bila majina. Wanapojitokeza katika masimulizi ya Mtunya, wanajitokeza kama rehani: mzazi anampeleka mtoto kwa mtu mwenye nafaka, anarudi na chakula cha siku chache, na mtoto anabaki huko. Ni jambo zito kulisoma, na ni rahisi mno kumhukumu mzazi yule kutoka mezani penye sahani. Mtoto aliyewekwa rehani angalau alikuwa na umri wa kutembea na kufanya kazi. Aliyekuwa bado mgongoni hakuwa na thamani hata ya rehani.

Kati ya waliokuwa mgongoni miaka ile yupo mmoja ambaye Waswahili wote tunamfahamu. Mathias Mnyampala alizaliwa 1917 upande wa Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, jirani na pale Mtumba ulipojengwa mji wa Serikali na ambapo leo treni ya umeme hupita. Njaa ilipokaza 1919 alikuwa katika umri ambao wataalamu wa lishe huuogopa kuliko wote, baada ya mwaka mmoja na kabla ya kutimiza miwili na nusu. Alipona. Akaja kuwa hakimu, akaandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo iliyochapishwa 1954, akakiendeleza Kiswahili kwa mashairi na akatuachia ngonjera. Kila ninapokishika kitabu chake nafikiria rika lake: watoto wa vitongoji vya Ihumwa, Buigiri na Chamwino waliozaliwa mwaka ule ule. Hasara ya Mtunya haipimwi kwa makaburi peke yake. Imo pia katika miili na akili za waliobaki.

Tunajua hivyo kwa sababu ya vipimo vilivyochukuliwa mahali pengine, miaka mingi baadaye. Nchini Zimbabwe, katika vijiji vya wakulima waliopewa ardhi baada ya uhuru, watafiti walikuwa wakipima familia zilezile mwaka hadi mwaka wakati ukame wa 1994 hadi 1995 ulipoingia. Watoto waliokuwa na umri wa miezi 12 hadi 24 walipoteza sentimita moja na nusu hadi mbili za kimo ambacho wangekipata mvua ingenyesha. Wakubwa wao hawakuachiwa pengo la namna hiyo. Miaka minne baadaye, mashamba yakiwa yamekwisha kurudi katika hali yake, wale wadogo walikuwa bado hawajalipa deni hilo. Mkoani Kagera nako, kaya zilizofuatiliwa tangu 1991 hadi 1994 zilitembelewa tena 2004, na ikaonekana kwamba watoto waliodumaa kwa sababu ya misimu mibaya walisoma madarasa machache kuliko ambayo wangesoma.

Sentimita mbili zinaweza kuonekana ndogo. Lakini mwili hauachi kurefuka bila kuacha na mengine. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja hujaa kwa kikombe kimoja hivi cha uji, kwa hiyo anahitaji kulishwa mara tatu au nne kwa siku juu ya kunyonya, na uji wenyewe uwe na kitu ndani. Mwaka wa ukame uji unaongezwa maji ili utoshe wote, mtoto anashiba maji, analala, na mama anaamini amekula. Baada ya wiki kadhaa ngozi inalegea mapajani. Mwingine hakondi, anavimba miguu, nywele zinakuwa nyepesi na nyekundu, anakuwa mnyonge na hataki kuchezewa. Hiyo ni kwashakoo, na jirani asiyejua husema mtoto kanenepa.

Kuna tatizo jingine la kalenda ambalo si rahisi kulimaliza. Miezi ambayo ghala limekwisha, Januari hadi Machi, ndiyo miezi ya kulima na kupalilia. Ndiyo pia miezi ya malaria na kuhara. Mama anaondoka alfajiri, shamba liko mbali, mtoto anaachiwa dada yake wa miaka saba pamoja na kibakuli cha uji wa asubuhi unaokaa mpaka mchana. Hata mwaka mzuri hali ni hiyo. Mwaka wa ukame mama huyo huyo analazimika pia kwenda vibarua kwenye shamba la mwenye nacho ili apate debe la mtama, na mbuzi anayeuzwa siku hizo hanunui hata nusu ya nafaka ambayo angenunua mwezi wa saba, maana kila mtu anauza mbuzi na kila mtu anatafuta nafaka. Kwa hiyo ninaposikia ikisemwa kwamba ukame umesababisha utapiamlo, huwa nataka kuuliza umepitia wapi. Ulipitia kwenye maziwa, kwenye bei ya mbuzi, au kwenye saa za mama? Misaada hufika kwa magunia, na gunia haliongezi saa.

Upande wa mashariki wa njia hii, kwenye bonde la Mkondoa kati ya Kilosa na Gulwe, tabu huja kwa sura nyingine. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaling'oa reli ya kati na kufukia mashamba. Mafuriko humpiga mtoto haraka zaidi kuliko ukame: maji ya kunywa yanachanganyika na ya vyoo, kuhara kunaingia, na chakula hata kikiwapo tumboni hakikai. Serikali ilitengeneza reli, na ilipaswa kuitengeneza. Uzito wa watoto wa bonde lile haukuwa habari ya magazeti.

Kongwa napita haraka, ingawa ina historia ndefu. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mradi mkubwa wa karanga, kwa trekta na mamilioni ya pauni, ili kuondoa upungufu wa mafuta ya kula kwao. Udongo ulikuwa mgumu, mvua hazikutosha, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Karanga zilitakiwa zivuke bahari. Leo chakula dawa kinachomrudisha mtoto aliyekonda kupita kiasi hutengenezwa kwa karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini, na kinaweza kupewa mtoto nyumbani kwao bila kulazwa. Ardhi ya Kongwa bado inaotesha karanga, kwa jembe la mkono na kwa kiasi, na natamani nyingi zaidi ziishie kwenye vibakuli vya Kongwa.

Baada ya uhuru, jambo kubwa lilikuwa vijiji. Operesheni Dodoma ilianza 1971, watu wakahamishwa kutoka kaya zilizotawanyika na kukusanywa pamoja, kisha ukame wa 1973 na 1974 ukawakuta wakiwa bado hawajatulia. Mashamba yalikuwa yamekwenda mbali na nyumba. Taifa liliagiza nafaka kwa wingi kutoka nje, na miaka ya taabu iliyofuata wengi wetu tunaikumbuka kwa ule unga wa njano tulioubatiza yanga. Nina mashaka mengi na namna watu walivyohamishwa. Lakini vijiji vile vilileta kitu ambacho sehemu kubwa ya njia hii haikuwa nacho, zahanati yenye mizani. Na mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania.

Kumwona mtoto niliyemtafuta ilinibidi niiache njia ya misafara na kushuka kusini, mpaka Iringa. Huko, kuanzia 1983, Serikali ikishirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168. Kiini chake kilikuwa siku ya afya ya kijiji. Kila baada ya miezi mitatu watoto wote wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito mbele ya watu.

Ambaye hajawahi kuona upimaji huo aufikirie hivi. Mizani ya duara inafungwa kwenye tawi la mti au boriti ya baraza. Mtoto anavuliwa nguo, anavalishwa kaptula ya turubai yenye kamba, anatundikwa. Analia na kupiga mateke, sindano inachezacheza, na mpimaji lazima angoje itulie ndipo asome. Mama anakabidhi kadi. Nukta inawekwa kwa kalamu, inaunganishwa na nukta ya mara ya mwisho, na mstari ama unapanda, ama umelala, ama unashuka. Kadi ya namna hiyo ilibuniwa na daktari Mwingereza, David Morley, akifanya kazi kijijini Imesi-Ile nchini Nigeria, na jambo lake la maana kuliko yote ni kwamba mama anakwenda nayo nyumbani.

Iringa waliongeza hatua moja. Matokeo hayakufungiwa zahanati. Yalipelekwa kwenye kamati ya kijiji, na kamati ikalazimika kujadili kwa nini mtoto wa nyumba fulani ameshuka na nini kifanyike kabla ya kupimwa tena. Wanaume waliozoea kujadili pembejeo na ushuru wakakaa kujadili mara ngapi watoto wanakula kwa siku. Kazi za wanawake shambani zikawa ajenda. Vituo vya kulishia watoto vikafunguliwa ili wasingoje jioni. Kati ya 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 56 hivi hadi 38, na wale wenye uzito pungufu wa kutisha wakashuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Kutokana na kazi hiyo ya Tanzania, UNICEF mwaka 1990 ilitoa mchoro unaotumika dunia nzima, unaosema kwamba lishe ya mtoto husimama juu ya chakula, matunzo, na afya pamoja na mazingira safi, na kimoja hakiwezi kuziba nafasi ya kingine.

Mizani ilifanya pia jambo ambalo takwimu hazilitaji. Kabla yake, mtoto akikonda wakati wa njaa, mara nyingi ilisemwa amebemendwa, kwamba mmoja wa wazazi alitoka nje ya ndoa kabla mtoto hajaacha ziwa. Lawama zikamwangukia mama, naye akamficha mtoto badala ya kumpeleka hospitali. Kadi za kijiji kizima zikishuka pamoja Februari na kupanda pamoja Juni, ni vigumu kwa mtu mwenye haki kuendelea kusema kwamba ni dhambi za mama mmoja mmoja.

Ningependa kusimulia kwamba Iringa ilishinda na habari ikaishia hapo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba udumavu nchini umeshuka hadi asilimia 30, kutoka karibu nusu ya watoto wote mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mkoa ulioongoza kwa udumavu ulikuwa Iringa, asilimia 57. Uzito pungufu na udumavu ni vipimo viwili tofauti, kwa hiyo si haki kuzilinganisha tarakimu hizi na zile za 1988 moja kwa moja. Hata hivyo zinaumiza. Iringa inalisha mikoa mingine mahindi. Ugogo yenye kiangazi ina watoto wachache zaidi waliodumaa kuliko Iringa yenye mvua. Mtu hawezi kusimama Iringa leo akasema kwamba mvua ikinyesha mtoto amepona. Shamba kubwa la mahindi lina palizi ndefu, na palizi ndefu inamwondoa mama nyumbani sawasawa na vibarua vya mwaka wa njaa. Na uji wa mahindi matupu ni uji mtupu hata ghala likiwa limejaa. Ukame unakuza tatizo ambalo kumbe lilikuwepo tangu mwaka wa neema, na anayelishughulikia mwaka wa njaa tu anakuwa amechelewa.

Nilirudi kwenye njia ya misafara na kumalizia upande wa Bahi, Kintinku na Kilimatinde iliyo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Huku wanawake wanajua kutengeneza kimea. Mtama unalowekwa, unafunikwa mpaka unaota, unaanikwa, unasagwa, kisha unatumika kupikia pombe. Miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe waliuchunguza unga huohuo kwa ajili ya watoto. Kijiko kidogo cha kimea kikikorogwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo, uji unalegea na kunyweka, ingawa umejaa unga. Kikombe kile kile kimoja kinachotosha tumbo la mtoto kinabeba chakula cha vikombe viwili au vitatu vya uji wa maji. Hakuna cha kununua wala lori la kungojea. Ila kimea kinahitaji siku kadhaa za jua na mtu wa kukigeuza, na kikisagwa mwezi wa kumi na kuwekwa kwenye kopo lenye kifuniko kitakuwepo Januari, mama anapotoka alfajiri na jembe begani, na dada wa miaka saba anabaki na kibakuli. Zahanati za huku zina mizani. Ni kadi chache mno ambamo nesi ameandika, chini ya mstari uliolala, kwamba mama ameonyeshwa kimea.